Bendera ya Tanzania: maswali ninayoulizwa mara kwa mara mezani kwa cherehani, Mwanga, Kigoma

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu kubwa ni sare za shule na magauni, lakini kwa zaidi ya miaka ishirini watu wa Kigoma wameniletea bendera zilizochanika niwatilie pindo: za shule, za ofisi za mitaa, za maboti ya Kibirizi. Upepo wa ziwani ukikolea kiangazi hauheshimu kitambaa, kiwe kimeandikiwa barua ya serikali au hakijaandikiwa. Na anayeleta bendera haji na bendera peke yake. Huja na swali, au humtuma mtoto mwenye daftari la Uraia. Haya ndiyo yanayojirudia, na majibu ninayoyatoa cherehani ikiwa imetulia.

Rangi nne zinamaanisha nini?

Kijani ni ardhi na uoto wake. Njano ni madini. Nyeusi ni watu. Bluu ni maji: bahari, maziwa na mito. Mtoto akiandika hivyo kwenye mtihani atapata alama zake zote.

Kinachonichekesha ni kwamba mtoto wa Ujiji ukimwuliza bluu ni nini hasemi bahari. Anasema "ziwa", bahari hajaiona. Simkosoi. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na duniani linapitwa na Baikal peke yake. Bahari isubiri zamu yake.

Ni njano au dhahabu?

Utasikia yote mawili, kwa kuwa rangi hiyo husimama kwa ajili ya madini na dhahabu ni madini. Lakini kitambaa ni cha njano. Aliwahi kuja mteja na kitambaa kinachometameta, kile cha kupambia kumbi za harusi, akitaka nibadilishe kingo za bendera ya ofisi yake "ziwe dhahabu kweli". Nilimwambia, kaka, hii tukiipandisha watu watauliza biharusi yuko wapi.

Nitajuaje kama bendera nimeipandisha sawasawa?

Hili ndilo swali linaloniletea wateja wengi zaidi, kwa sababu bendera yetu ni rahisi kuigeuza na mtu asione. Ukigeuza ya Kenya, nyekundu inabaki katikati na nyeusi inakwenda chini, mtu anashtuka. Yetu ukiigeuza bado inaonekana kama bendera ya Tanzania kwa asiyeitazama vizuri.

Shika hivi. Simama mlingoti ukiwa kushotoni kwako. Ukanda mweusi unaanzia chini, kwenye pembe iliyo upande wa mlingoti, unapanda kwenda pembe ya juu upande unaopepea. Ni mlima, si mteremko. Kijani kiko juu, kimekaa kwenye mlingoti. Bluu iko chini, ng'ambo ya ukanda. Ukiona ukanda unashuka kutoka mlingotini kama mtu anayetelemka kwenda Katonga, basi imefungwa kichwa chini: kijani kitakuwa chini na bluu juu.

Shule moja ya huku iliwahi kuipandisha kichwa chini siku ya mahafali, mgeni rasmi akiwa amekaa mbele. Hakuna aliyesema kitu mpaka mtoto wa darasa la tatu alipomvuta mwalimu suruali. Bendera ile nilikuwa nimeitia pindo mimi wiki ile ile, na ukweli ni kwamba vitanzi vyote viwili nilivishona vinafanana. Tangu siku hiyo kitanzi cha juu nakitilia uzi mwekundu. Hakuna sheria inayosema hivyo, ni aibu iliyonifundisha.

Nikiitazama kutoka upande wa pili naona ukanda umeelekea kinyume. Imekosewa?

Hapana. Kitambaa ni kimoja, kina mgongo na uso. Ukiwa upande wa pili mlingoti utakuwa kuliani, na kila kitu kitafuata: kijani juu kulia, bluu chini kushoto. Kipimo ni mlingoti, si mkono wako. Ukanda uanzie chini, upande wa mlingoti, basi.

Kwa ajili hiyo sipendi kuona bendera ikichapwa ukutani au kwenye mwili wa basi bila mchoraji kujiuliza mlingoti wake uko wapi.

Nani aliibuni?

Watu wanataka jina. Nikiwaambia hakuna mtu mmoja wanadhani nawaficha. Wengine wanamtaja marehemu Mzee Francis Kanyasu, aliyejulikana kama Ngosha na kufariki mwaka 2017. Huyo alikuwa akihusishwa na nembo ya taifa, ile ya ngao yenye mwanamume na mwanamke, na si bendera. Ni vitu viwili, japo ukiichungulia ngao hiyo utaikuta bendera ndogo ndani yake.

Bendera ilizaliwa kwa kuunganisha bendera mbili zilizokuwapo tayari, na hapa naomba uvumilivu, maana ukitazama kwa jicho la fundi utaona jambo ambalo vitabu vya shule hupita haraka.

Ya Tanganyika ilitokana na bendera ya TANU. Chama hicho kilizaliwa Julai 7, 1954, na bendera yake ilikuwa mistari ya kulala: kijani, nyeusi, kijani. Uhuru ulipokaribia, kwa ajili ya bendera ya nchi ziliongezwa kingo mbili nyembamba za njano, moja kila upande wa nyeusi. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, ya Uingereza ilishuka Dar es Salaam na hiyo ikapanda.

Zanzibar nayo ilikuwa na safari ndefu zaidi katika muda mfupi zaidi. Bendera nyekundu ya Sultani ilidumu miaka mingi. Uhuru wa Desemba 10, 1963 ulileta nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili za njano. Hiyo haikufika hata wiki tano, Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yakaiondoa. Mwezi huo huo ikaja ya mistari mitatu, bluu, nyeusi na kijani, rangi za chama cha Afro-Shirazi (ASP), ikiwa na utepe mwembamba mweupe kwenye mlingoti. Halafu Muungano, Aprili 26, 1964, na bendera mpya Juni 30 mwaka huo huo. Fundi aliyekuwa Unguja miezi ile sijui alilala saa ngapi.

Sasa chukua ya Tanganyika na ya Mapinduzi uziweke mezani. Zote zina nyeusi katikati. Zote zina kijani pembeni. Tofauti ni kwamba huku chini kuna kijani kingine na kule juu kuna bluu, tena huku kuna kingo za njano. Ondoa kijani cha chini kwenye ya Tanganyika, weka bluu ya Zanzibar mahali pake, usiguse kingo za njano. Tayari una rangi zote za bendera yetu kwa mpangilio wake: kijani, njano, nyeusi, njano, bluu. Kilichobaki ni kuilaza mshazari.

Kwa nini mshazari? Maoni yangu ya fundi: mistari ikilala, kuna aliye juu na aliye chini, na watu wawili waliotoka kuungana miezi miwili iliyopita hawataki swali hilo mezani. Ukiinamisha, kila mmoja anapata pembe yake. Nilimweleza hivyo mteja mmoja wa Pemba aliyekuja kununua dagaa, akatazama juu ya bendera ya ofisi iliyokuwa mezani, akasema, "Lakini fundi, kijani bado kiko juu." Nikakosa la kumjibu, nikamkatia uzi.

Ni kweli bendera ni ya zamani kuliko jina la nchi?

Ni kweli, na watu wengi hawaamini. Bendera ilianza Juni 30, 1964. Wakati huo nchi ilikuwa ikiitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina Tanzania lilikuja Oktoba mwaka huo. Kwa hiyo kwa miezi minne ile bendera ilipepea juu ya nchi isiyo na jina lake la sasa.

Kijani kile ni cha CCM?

Mji huu una siasa, kwa hiyo swali hili huja kwa sauti ya chini. Kijani kilitoka TANU kwenda kwenye bendera ya Tanganyika mwaka 1961. CCM ilizaliwa Februari 5, 1977, TANU na ASP zilipoungana, na ikachukua kijani na njano. Kwa hiyo bendera ya taifa haikuiga chama kilichopo, vyote viwili vimerithi kwa babu mmoja. Kinachopepea kwenye mlingoti wa shule maana yake ni ardhi na uoto, basi, na aliyevaa kijani, zambarau au nguo yoyote anasimama nacho sawa.

Kabla ya 1961, Kigoma ilipepea bendera gani?

Hili ndilo ninalolipenda. Mtoto akiniuliza hili namwambia avute kigoda.

Anza na neno lenyewe. "Bendera" ni neno la Kireno lililobaki pwani baada ya Wareno kuondoka. Lakini kwenye njia ya msafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji lilikuwa na maana ya pili: kitambaa chekundu cha pamba. Misafara ilibeba nguo kama leo tunavyobeba noti. Merikani ilikuwa nyeupe, kaniki nyeusi ya bluu, na bendera nyekundu. Ulilipa hongo kwa mtemi kwa mikono ya nguo, ukanunua chakula kwa mikono ya nguo. Kwa hiyo babu zetu waliishika bendera kama bidhaa kabla ya kuisalimu kama alama.

Wekundu huo ulikuwa pia rangi ya Sultani wa Zanzibar. Misafara ya Waarabu na Waswahili ilitembea nyuma ya kirangozi, mtu wa mbele anayeijua njia, na bendera nyekundu ikipepea. Stanley alipoingia Ujiji Novemba 1871 akimtafuta Livingstone aliamuru bendera ya Marekani iwe mbele na ya Zanzibar ije nyuma ya msafara, huku bunduki zikipigwa hewani. Ukienda leo pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone utaonyeshwa mwembe, lakini sijapata kumsikia mtu akiuliza habari za zile bendera mbili. Watu wa Ujiji waliokimbilia barabarani siku ile waliona kwanza kitambaa, ndipo wakamwona mzungu.

Wajerumani walikuja na yao: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Wao ndio waliofikisha reli Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa reli hiyo ikaletwa meli vipande vipande kutoka Papenburg, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini mwaka 1915. Jina lake lilikuwa Graf von Goetzen. Leo tunaiita Liemba. Kwa habari ya bendera, meli hiyo ni kitabu. Ilianza chini ya Ujerumani. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wasiiache mikononi mwa adui, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta mazito. Ilikuja kuinuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba chini ya Waingereza. Mwaka 1961 ikapata ya Tanganyika, na 1964 ya Muungano. Meli ile ile, mtambo ulibadilika baadaye, lakini mlingoti ulishika mataifa manne. Baba yangu alipakia mizigo humo miaka ya sabini, akasema mabaharia wazee walizitaja zote bila kukosea mpangilio, kama mtu anayetaja wake zake.

Katikati hapo wengi husahau Wabelgiji. Majeshi yao yalitoka Kongo, yakashika Kigoma mwaka 1916 kisha Tabora Septemba 19 mwaka huo. Kigoma na Ujiji zilibaki mikononi mwao mpaka mwaka 1921 walipowakabidhi Waingereza. Kwa hiyo kuna watoto wa Ujiji waliozaliwa chini ya Wajerumani, wakaota meno chini ya Wabelgiji, wakaenda jando chini ya Waingereza, na mama zao hawakuhama nyumba.

Waingereza waliipa Tanganyika bendera nyekundu yenye Union Jack pembeni na kichwa cha twiga. Nikiwaonyesha wateja picha yake wanacheka. Twiga mwenyewe hakuondoka, amebaki mnyama wa taifa na jina la timu ya wanawake ya mpira. Aliondoka kwenye kitambaa tu.

Ni kweli bendera ilipandishwa Kilimanjaro usiku wa uhuru?

Ndiyo. Luteni Alexander Nyirenda aliipandisha kileleni pamoja na mwenge, Desemba 9, 1961. Ila kumbuka hiyo ilikuwa ya Tanganyika, isiyo na bluu. Wanafunzi huchora mlima na bendera ya sasa juu yake, na walimu wanaacha ipite.

Zanzibar ina bendera yake?

Inayo, tangu Januari 2005. Ni ile mistari ya bluu, nyeusi na kijani ya mwaka 1964, na kwenye pembe ya juu mlingotini imewekwa bendera ya Muungano ikiwa ndogo. Haichukui nafasi ya bendera ya taifa. Kwa fundi ni kazi ya roho mbaya: ile ndogo ina vipande vitano ndani ya eneo la kitambaa cha kufutia miwani.

Maboti ya Kongo na Burundi yana bendera zinazofanana na yetu. Nazitofautishaje?

Ya Burundi haiwezi kukuchanganya. Ina msalaba mweupe wa mshazari, nyekundu juu na chini, kijani kushoto na kulia, na katikati duara jeupe lenye nyota tatu nyekundu. Msingi wake ni wa mwaka 1967.

Ya Kongo ndiyo yenye ujanja, hasa ukiwa Kibirizi jioni jua linakupiga machoni. Nayo ina ukanda unaopanda kutoka chini ya mlingoti, nao una kingo za njano. Lakini ukanda ni mwekundu, bluu ni ya anga na imejaa pande zote mbili, na juu mlingotini kuna nyota ya njano. Hii ni ya mwaka 2006. Wazee wa ziwani watakuhadithia ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge, ya enzi za Zaire tangu 1971 hadi 1997, halafu ya bluu yenye nyota kubwa na nyota ndogo sita. Boti lile lile la Kalemie, nahodha yule yule, dagaa wale wale, bendera tatu.

Ukikutana kwenye simu na inayofanana na yetu hasa, lakini mahali pa bluu pana nyekundu na ukanda una nyota mbili nyeupe, hiyo ni ya Saint Kitts na Nevis, visiwa vya Karibi. Yao ni ya mwaka 1983. Wametukuta tayari tuko mlingotini.

Na yetu imebadilika mara ngapi tangu 1964? Hata mara moja. Rwanda walibadili 2001, Burundi na Kongo nimeshasema.

Filimbi ya saa 12 ikilia, lazima nisimame?

Wenyeji hawaulizi, wageni ndio huuliza. Bendera hupandishwa saa 12 asubuhi na kushushwa saa 12 jioni. Ukipita karibu na kituo cha polisi au kambi, filimbi ikalia, unasimama ulipo mpaka ilie tena. Bodaboda anazima pikipiki, mama mwenye beseni la samaki kichwani anasimama nalo. Mgeni aliyezoea miji ya kwingine anaendelea kutembea na simu sikioni, na hapo ndipo askari anamwita, "Njoo hapa, kijana."

Nikiwa mdogo tulikuwa tunacheza rede karibu na uzio wa kambi, na filimbi ilipolia mchezo uliganda, mpira mkononi. Aliyeweza kusimama kwa mguu mmoja mpaka mwisho alihesabiwa mshindi.

Nusu mlingoti maana yake nini, na tunafanyaje?

Ni maombolezo ya taifa, na agizo hutoka serikalini. Alipofariki Mwalimu Nyerere, Oktoba 14, 1999, maombolezo yalikuwa siku 30. Kwa Rais Magufuli, Machi 2021, siku 21. Kwa Mzee Mwinyi, mwaka 2024, siku 7.

Wanaokosea hukosea kwenye kamba. Usiivute ikaishia katikati. Ipandishe kwanza mpaka juu kabisa, ndipo uishushe taratibu hadi nusu. Jioni unapoiteremsha, unairudisha tena juu, kisha ndiyo inashuka moja kwa moja.

Naweza kuichapa kwenye fulana au kuiweka kwenye tangazo la duka langu?

Sheria ya Nembo za Taifa ni ya mwaka 1971, na inazuia kutumia bendera na nembo katika biashara na matangazo bila kibali cha maandishi. Kwa hiyo ukiniletea jora la kanga ukitaka nikushonee mapazia ya baa yenye bendera, jibu langu unalijua. Bendera ya ofisi inatafutwa serikalini, kwa Mpigachapa Mkuu. Mimi ni wa pindo na vitanzi.

Timu ya taifa ikicheza, uwanjani utaona nyuso zimepakwa rangi na vitambaa vimefungwa kiunoni. Huo ni ushabiki, na sijaona mtu akikamatwa kwa kupaka shavu. Lakini kuitandika mezani pa pombe, kufutia viatu, kufungia mzigo wa mawese, hapo huhitaji kufungua kitabu cha sheria. Mama yako angekuchapa.

Kwa nini mtu kigeugeu anaitwa "bendera fuata upepo"?

Waliotunga methali hiyo walikuwa watu wa majini, waliijua bendera kwa kazi yake ya kwanza: kuonyesha upepo unatoka wapi. Mvuvi wa huku bado hufunga kitambaa chochote kwenye mti wa boti kwa kazi hiyo hiyo. Hata fundi anasifu kitambaa kinachofuata upepo. Kisichofuata ndicho kinachochanika.

Bendera yangu imechanika pembeni. Inafaa kutiwa pindo au ni ya kuondolewa?

Inachanika siku zote upande unaopepea, kuanzia pembe ya juu, pale ukanda mweusi unapoishia. Sababu ni hanamu, yaani mkato wa mshazari. Kitambaa kilichokatwa hanamu kinavutika, na bendera yetu ina mishono minne yote ya hanamu inayounganisha vipande vitano. Upepo unapopiga, mshono unavutwa upande ambao uzi hauna nguvu. Ya Tanganyika ilikuwa na vipande vitano vile vile, lakini mishono ilikwenda sawa na uzi wa kitambaa. Nadhani mafundi wa 1961 walilala vizuri zaidi kuliko wa 1964.

Ikiwa imechanika kidogo, nakata sehemu iliyonyambuka, napiga pindo la mishono miwili, narudisha. Lakini kumbuka kila nikikata, bendera inafupika. Uwiano wake ni mbili kwa tatu: ya sentimita 60 kwenda juu iwe na 90 kwenda pembeni. Nikishakata mara mbili inaanza kuwa kama leso, na hapo nakwambia ukaombe nyingine. Rangi ikishapauka pia, mpaka bluu na kijani vinafanana, usinibembeleze. Na usiitupe jalalani. Irudishe ofisini ikakunjwe na kuondolewa kwa heshima.

Mwanangu ana kazi ya shule ya kuchora bendera. Aanzie wapi?

Asianze na rangi. Achore mstatili wa sentimita 12 kwa 18. Aweke rula kutoka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia, apige mstari mwepesi wa penseli. Huo mstari si wa kubaki, ni uti wa mgongo. Kila upande wake apige mwingine unaoandamana nao, huo ndio mpaka wa nyeusi. Nje ya hiyo apige tena miwili, karibu karibu, hizo ndizo kingo za njano.

Kosa la watoto karibu wote ni kuuchonga ukanda ukaisha kama ncha ya mkuki kwenye pembe. Hapana. Nyeusi inaijaza pembe yote, chini na juu, na njano inagonga kwenye kingo za mstatili, haifiki kwenye pembe yenyewe. Kosa la pili ni kuufanya ukanda mwembamba kama mkanda wa suruali. Upana uonekane, wale ni watu.

Halafu apake njano kwanza. Akianza na nyeusi, mkono utaiburuta mpaka kwenye njano na hakuna kifutio kitakachomsaidia. Kijani juu kushoto, bluu chini kulia, na nyeusi ya mwisho. Akimaliza mwache aandike jina lake nyuma ya karatasi, na aweke alama upande upi ni juu.